Kozi ya siku kumi, cheti mkononi: fundi wa nishati safi hufunzwa nini hasa?

Mama mdogo alinipigia Jumapili jioni, saa ambayo najua hapigi kwa ajili ya salamu tu. Kitinda mimba wake amemaliza kidato cha nne, matokeo ya katikati, hayamchekeshi mtu wala hayamlizi. Pale stendi ya Korogwe kuna kijana kampa kipeperushi: "Mafunzo ya sola, siku 10, cheti mkononi, ajira nje nje." Ada laki tatu na nusu.

"Wewe ndiye unayeandika mambo ya umeme," akasema. "Nilipe nisilipe? Maana nisije nikamlipia mtoto akawa kama yule aliyeniunguzia inveta."

Swali hilo si lake peke yake. Tangu viongozi wa Afrika walipokutana Dar es Salaam Januari 2025 kuzungumzia mpango wa kuwafikishia umeme watu milioni 300 ifikapo 2030, maneno "ajira za kijani" hayakauki redioni. Wazazi wanasikia ajira, wenye vyuo wanasikia ada, na kijana kabaki katikati na kipeperushi chake. Tulifungue fundo hili taratibu, tukianzia kwenye maneno, maana nusu ya mkanganyiko imejificha humo.

Safi, jadidifu, kijani

Mtanzania wa leo akisikia "nishati safi" anaona mtungi wa gesi. Hana kosa. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, ulioanza 2024, unataka asilimia 80 ya wananchi wawe wameachana na kuni na mkaa ifikapo 2034, na mitungi ndiyo inayoonekana kwenye picha za hafla. Gesi hiyo ni safi kwa maana ya jikoni: haijazi moshi machoni wala kifuani. Lakini inatokana na mafuta na gesi ya ardhini, na ikichimbwa hairudi.

Nishati jadidifu ni ile inayojirudia yenyewe: jua, upepo, maji ya mto, joto la ardhini. Jua la leo halipunguzi la kesho. Jirani zetu Wakenya husema "kawi" pale tunaposema nishati, kwa hiyo ukikutana na "kawi safi" kwenye gazeti la Nairobi, usidhani ni kitu kingine. Hapa nazungumzia hasa umeme unaotokana na vyanzo hivyo jadidifu, kwa sababu huko ndiko kijana wa kipeperushi anakoelekezwa.

"Ajira za kijani" ndilo neno lenye ulaghai kidogo. Linakufanya umfikirie mtu wa aina mpya, aliyezaliwa na ujuzi mpya. Nenda kwenye eneo linapojengwa shamba la sola uone ni nani yuko kazini. Utamkuta mpima ardhi, mchimba misingi, mchomeleaji, dereva wa kreni, fundi umeme wa nyaya kubwa, mtunza stoo, mlinzi na mama ntilie. Wanaofanya kazi ambayo haikuwapo kabla ya sola ni wachache mno. Wengine wote ni mafundi wa zamani kwenye eneo jipya.

Hata takwimu zinazosomwa redioni zinahitaji jicho la pili. Shirika la kimataifa la nishati jadidifu, IRENA, lilihesabu ajira milioni 16.2 duniani kwa mwaka 2023, na zaidi ya milioni 7 kati yake ni za sola. Ni kweli. Ila karibu nusu ya ajira zote hizo ziko China, kwa sababu huko ndiko paneli zinakotengenezwa. Aliyeko Korogwe hashindanii ajira za kiwandani China. Zake ni za kuuza, kufunga, kukagua na kutengeneza, na hizo zina masharti yake.

Ukitaka mfano wa karibu, fundi wa sola ni fundi umeme aliyeongezewa viungo. Mtu anayejua kupika wali ukimpa bizari, iliki na karafuu, siku chache tu anakupikia pilau. Asiyejua wali ukimpa viungo hivyohivyo, atakupa uji wa kahawia. Kozi ya siku kumi inaweza kuwa nzuri sana kwa yule wa kwanza.

Hesabu kwenye boksi la sabuni

Nirudi kwenye inveta iliyoungua, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa TANESCO, kwa sababu ndani yake kuna somo zima.

Mama mdogo ana duka dogo nje ya mji, mahali ambapo nguzo za umeme wakati ule zilikuwa hazijafika. Alitaka friji ya kuuzia soda na maji baridi. Akaja fundi na paneli moja ya wati 200, betri moja na inveta ndogo. Akapanda juu ya bati, akafunga, akawasha taa, zikawaka. Akapokea hela yake, akaondoka. Kwa muda wote huo hakuuliza swali hata moja.

Friji ilipounganishwa, inveta ililia, ikazima, ikawashwa tena, ikalia tena. Wiki ya pili ikatoa moshi.

Aliyekuja kurekebisha alikuwa mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi ya umeme kwenye kiwanda cha katani. Nilikuwepo siku hiyo. Hakupanda juu. Aliomba kiti, akachana ubavu wa boksi la sabuni, akatoa penseli sikioni.

"Taa ngapi, mama?"

"Nne."

"Za wati ngapi?"

Mama mdogo hajui. Mzee akainuka, akafungua taa moja, akasoma kwenye shingo yake: wati 9. Zinawaka saa ngapi kwa siku? Saa tano. Akaandika: 4 mara 9 mara 5, sawa na 180. Televisheni wati 60, saa tano: 300. Friji akaizungusha, akasoma kibandiko cha nyuma, akapiga makadirio ya 700 kwa siku. Jumla 1,180.

Hizo ni wati-saa, yaani umeme unaoliwa na duka kwa siku. Wati ni kasi ya kula. Wati-saa ni kiasi kilichokwisha liwa. Ni kama bomba na ndoo: wati inakwambia maji yanatoka kwa nguvu gani, wati-saa inakwambia ndoo ngapi zimejaa.

Kisha akafanya kile ambacho yule wa kwanza hakukijua kabisa. Alisema umeme hupotea njiani, kwenye nyaya, kwenye betri, kwenye inveta, kwenye vumbi la paneli, kwa hiyo usitegemee zaidi ya asilimia 70 hivi ya kilichoandikwa. Akagawa 1,180 kwa 0.7, akapata karibu 1,690. Jua tunaloliona kwa muda wa saa kumi na mbili kila siku si jua kamili saa zote. Ukilikusanya, kwa maeneo yetu mengi, ni kama saa tano za jua la utosini. Akagawa 1,690 kwa 5: paneli za wati 340 hivi. Iliyokuwepo juu ya bati ni 200.

Betri nayo ilikuwa ya volti 12, ampea-saa 100. Zidisha, unapata wati-saa 1,200. Lakini betri ya risasi na asidi ukiimaliza hadi chini kila siku inakufa mapema, kwa hiyo mafundi wazoefu huitumia nusu tu. Yaani 600. Friji peke yake inataka 700.

Halafu inveta. Mota ya friji inapoanza kuzunguka huvuta umeme mara kadhaa ya ule inaotumia ikishakuwa mwendoni, kama mtu anayesukuma gari lililozimika: msukumo wa kwanza ndio unaotoa jasho. Inveta ndogo haiwezi ule msukumo. Ndiyo maana ililia.

Hayo yote yalichukua dakika ishirini na kipande cha boksi. Hakugusa bisibisi. Ukiniuliza mafunzo ya nishati safi ni nini hasa, kwa ngazi ya fundi wa mtaani, nitakuonyesha boksi lile. Kufunga skrubu mtu yeyote anaweza. Kujua nini kifungwe, na kuwa na ujasiri wa kumwambia mteja "hela yako hii haitoshi friji, inatosha taa na televisheni," ndiko kunakochukua muda kufundishwa.

"Umeme wa sola haupigi"

Huu ndio uzushi ninaouogopa kuliko wote, na nimeusikia kutoka kwa watu wenye vyeti.

Umetokea wapi? Kwenye vile vifaa vidogo vya nyumbani vya volti 12, vyenye taa tatu na redio. Ukishika waya wake husikii kitu. Lakini paneli moja kubwa ya siku hizi huweza kutoa volti 40 na zaidi, na kwenye mfumo wa shule au zahanati paneli hupangwa mfululizo kama mabehewa ya treni, volti zikijumlishana. Paneli 12 zinakupa karibu volti 500. Hizo zinaua.

Tena zina tabia mbili ambazo fundi wa umeme wa kawaida hajazizoea. Umeme wa gridi, ule wa nguzo za TANESCO, huenda na kurudi. Kila sekunde moja hupita kwenye sifuri mara 100, kama mpiga kasia ambaye kati ya pigo na pigo ana pumziko. Breka (swichi inayojikata yenyewe umeme ukizidi) inapokata, cheche inapata nafasi ya kufa kwenye lile pumziko. Umeme wa paneli hauna pumziko, unasukuma upande mmoja tu kama mto. Ukiweka upande wa paneli breka iliyotengenezwa kwa umeme wa gridi, siku ikikata, cheche inaweza kubaki inawaka katikati ya meno yake hadi plastiki iyeyuke. Ndipo unasikia "sola imeunguza nyumba."

Tabia ya pili: paneli haina swichi. Jua likiwapo, waya una moto, hata kama kila kitu ndani ya nyumba kimezimwa. Fundi aliyefunzwa hupima kwanza kwa mita, hutenganisha kwa swichi ya umeme wa aina hiyo, na ikibidi hufunika paneli kwa turubai. Asiyefunzwa huchomoa kiunganishi huku mzigo ukivuta, na cheche inamruka usoni akiwa juu ya bati. Kuanguka hapo ni hatari kuliko hata ule umeme wenyewe. Chuo kinachofundisha sola bila kufundisha ngazi, mkanda wa usalama na namna ya kutembea juu ya paa kimefundisha nusu.

Cheti, umahiri, leseni

Haya matatu watu huyachanganya, na wauza kozi wanapenda yachanganywe.

Cheti cha kuhudhuria kinasema ulikuwepo. Uliingia darasani, ukakaa, ukanywa chai. Cheti cha umahiri kinasema mtu fulani mwenye mamlaka ya kupima alikupa kazi, akakutazama ukiifanya, akaridhika. Leseni haisemi habari za masomo yako. Ni ruhusa ya kisheria ya kufanya kazi fulani hadi kiwango fulani, na unaweza kunyang'anywa.

Fikiria udereva. Kuna karatasi ya shule ya udereva, kuna kupita mtihani wa barabarani, na kuna leseni yenye madaraja. Mwenye daraja la pikipiki hawezi kukaa kwenye usukani wa basi la Mwanza, hata kama ameendesha bodaboda miaka kumi bila kukwaruza mtu.

Umeme ni hivyohivyo. Tanzania Bara, leseni za ufungaji umeme hutolewa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, kwa madaraja, na daraja A ndilo pana zaidi. Ndiyo maana ukiomba kuunganishiwa umeme TANESCO, unatakiwa mchoro wa mtandao wa nyaya wa nyumba uwe wa mkandarasi mwenye leseni, wala si wa shemeji yako anayejua kufunga soketi. Kenya walikwenda mbali zaidi upande wa sola: kanuni zao za 2012 ziliwatenga mafundi wa sola katika ngazi tatu. T1 ni ya mifumo midogo ya betri moja, T2 ni ya mifumo ya kati yenye betri kadhaa na inveta, na T3 ni ya mifumo mikubwa, ikiwamo inayounganishwa na gridi. Leseni hizo sasa ziko chini ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati na petroli nchini humo. Mimi naona mpangilio ule una akili, kwa sababu mteja akiambiwa "mimi ni T1" anajua papo hapo kwamba huyu si wa kumfungia hospitali.

Kwa hiyo kipeperushi kinaposema "cheti mkononi," swali la kwanza ni cheti cha nini.

Njia rasmi kwetu inapita VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ambako mafunzo ya ufundi yamegawanywa katika ngazi tatu za tuzo ya taifa. Mtaala ni wa umahiri, maana yake hupandi kwa kukariri, unapanda kwa kuonyesha. Upo pia uanagenzi pacha, ambapo mwanafunzi hugawa muda wake kati ya chuo na kiwanda au kampuni. Neno lenyewe zuri: mapacha wawili, mmoja anafundisha kwa nini, mwingine anafundisha namna gani. Na tangu Januari 2024 mkondo wa amali, yaani wa ufundi, umeanza kuingia sekondari, kwa hiyo mtoto wa kidato cha kwanza kwenye baadhi ya shule anaweza kuanza kushika koleo mapema badala ya kungoja hadi afeli, kama tulivyozoea kuuona ufundi.

Na yule mzee wa katani, ambaye hana karatasi yoyote? VETA ina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa. Fundi hupimwa kwa vitendo, huonyeshwa mapengo yake, hufunzwa hayo tu, kisha hupewa cheti. Nadhani huu ndio mlango usiotangazwa inavyostahili. Tunao mafundi umeme, mafundi redio na saidia fundi wengi ambao wamebakiza kidogo tu kuwa mafundi wazuri wa sola. Kuwaongezea hicho kidogo ni rahisi kuliko kuanza na kijana asiyejua tofauti ya volti na ampea.

Kuhusu digrii: haihitajiki kwa kufunga mfumo wa nyumba. Inahitajika kwa anayesanifu mtambo unaoingia kwenye gridi. Zanzibar kuna ushahidi ambao huwa nawapa wanaobisha. Kituo cha Barefoot College kilichoko Kinyasini, Unguja, huwafunza kwa miezi kadhaa wanawake wa vijijini, wengi wao wamesoma kidogo sana, kufunga na kutengeneza vifaa vya sola. Kabla ya hapo wanawake wa Visiwani walisafiri hadi Tilonia, India, miezi sita, kwa mafunzo hayohayo. Hujifunza vipuri kwa rangi, umbo na kurudiarudia, na bibi anarudi kijijini kwake akiwa ndiye fundi. Uamuzi wa kuchagua akina mama na mabibi ulikuwa wa makusudi: kijana ukimpa ujuzi anapanda boti kwenda mjini, bibi anabaki.

Mitambo mikubwa ni habari nyingine

Mpaka hapa nimezungumzia bati na friji. Lakini wazazi wengi wakisikia ajira za nishati wanawaza Bwawa la Nyerere kule Rufiji, megawati 2,115, mashine tisa za megawati 235 kila moja. Maelfu ya watu walifanya kazi pale. Je, wako wapi sasa?

Hapa kuna jambo ambalo wanasiasa hulipitia haraka. Mtambo wa umeme jadidifu hula watu wengi unapojengwa na wachache unapoendeshwa. Ni kama harusi na ndoa. Siku ya harusi kuna wapishi, wapambaji, waimbaji, waosha vyombo; baada ya wiki nyumbani wamebaki wawili. Mashine ya kwanza ya bwawa iliingiza umeme kwenye gridi Februari 2024, na tangu hapo kazi imekuwa ikihama kutoka kwa wachimbaji na wamwaga zege kwenda kwa waendesha mitambo, mafundi wa mashine na watu wa kupima mtetemo na joto la mafuta. Anayefunzwa leo kwa kutegemea ujenzi wa mradi mmoja ajue anafunzwa kwa ajili ya harusi.

Upepo una masharti yake. Shamba la upepo la Ziwa Turkana, Kenya, lina minara 365, jumla megawati 310. Fundi wa pale ni mtu wa umeme na makanika kwa pamoja, halafu ni mpanda minara. Duniani kote kampuni nyingi za upepo hudai mafunzo ya usalama yanayofuata viwango vya Global Wind Organisation: huduma ya kwanza, moto, kubeba vitu vizito, kufanya kazi juu na kumshusha mwenzako aliyezimia. Cheti hicho hudumu miaka miwili tu. Ukipitiliza, unarudi darasani, uwe umepanda mara mia tano.

Lakini somo kubwa la ukanda wetu liko Olkaria, karibu na Naivasha, na inabidi nikae hapo kidogo.

Jotoardhi ni joto la chini ya ardhi. Unachimba kisima, chaweza kufika kilomita tatu kwenda chini, mvuke unapanda, unazungusha mashine. Mtambo wa kwanza wa Olkaria, megawati 15, uliwashwa 1981. Nani alijua kazi hiyo Afrika wakati ule? Karibu hakuna. Iceland, nchi inayoishi juu ya mvuke, ilikuwa imefungua programu ya mafunzo chini ya Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa mwaka 1979, miezi sita Reykjavík. Kenya ikaanza kupeleka watu: wa jiolojia, wa kemia, wa uchimbaji, wa kupima akiba ya mvuke. Haikupeleka kundi moja kisha ikasahau. Imepeleka mwaka hadi mwaka, hadi ikawa nchi iliyotoa wahitimu wengi kuliko zote katika programu ile. Waliorudi wakafundisha wengine. Kozi fupi zikaanza kufanyika Naivasha kwenyewe kwa ajili ya Waafrika wengine, Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi kikafungua taasisi ya jotoardhi, na KenGen, kampuni ya kuzalisha umeme ya Kenya, ina kituo chake cha mafunzo. Leo Kenya ina zaidi ya megawati 900 za jotoardhi, na KenGen imepata kandarasi za kuchimba visima Ethiopia na Djibouti.

Tazama mlolongo wenyewe. Ilichukua miaka arobaini kutoka mwanafunzi hadi muuzaji wa ujuzi. Wala hakukuwa na siri: walichagua fani moja ambayo ardhi yao inaijua, wakairudia. Sisi tuna Ngozi na Kiejo-Mbaka mkoani Mbeya, ambako kampuni ya serikali ya TGDC inafuatilia mvuke huohuo. Mitambo inaweza kununuliwa kwa mkopo wa mwaka mmoja. Mtu anayesikiliza sauti ya mashine ya kuchimba akajua imefika kwenye mwamba mwingine hapatikani hivyo.

Kwa upande wetu, kampasi ya Kikuletwa ya Chuo cha Ufundi Arusha, wilayani Hai, ilichaguliwa kuwa kituo cha mafunzo ya nishati jadidifu cha kanda, chini ya EASTRIP, mradi wa vyuo vya ufundi Afrika Mashariki uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, na iko mahali penye mtambo wa zamani wa maji. Nalipenda wazo la mwanafunzi kujifunzia kwenye mashine halisi, yenye kutu halisi.

Na kutu ndiyo kazi ya kesho. Uzushi mwingine wa sokoni ni kwamba sola ukishafunga umemaliza. Paneli yenyewe kweli hudumu, miaka 25 si ajabu. Lakini vumbi la kiangazi hukaa juu yake, viunganishi hulegea, panya hutafuna nyaya, betri hufa, inveta hufa kabla ya paneli. Zahanati na shule nyingi zina paneli juu ya paa na giza ndani, na mara nyingi ubovu ni fyuzi au betri ambayo hakuna aliyefunzwa kuitafuta. Kutafuta ubovu hakufundishiki kwenye ubao. Mwalimu anayejua kazi huharibu mfumo kwa makusudi: analegeza waya mmoja, anageuza chanya na hasi, anaweka betri moja mbovu kati ya nne, kisha anawapa wanafunzi mita na kuondoka.

Basi nikampigia mama mdogo. Nilimwambia asilipe kwanza, apige simu chuoni aulize mambo matatu. Cheti ni cha kuhudhuria au cha kupimwa, na nani anapima? Kijana asiyejua umeme wa kawaida ataanzia wapi? Na wanafunzi wangapi wanatumia mita moja?

Alinirudia kesho yake asubuhi, anacheka.

"La kwanza wamesema cheti ni cha rangi, kina nembo. La pili wamesema sola haihitaji kujua umeme."

"Na la tatu?"

"Mita ipo. Iko ofisini kwa mkuu, imefungiwa kabatini, isije ikaharibika."

Kijana ameomba nafasi ya umeme VETA. Wakati anangoja majibu, anaenda kwa yule mzee wa katani kila Jumamosi kumshikia ngazi.